Orodha ya Walionunuliwa

Mgeni kutoka kampuni kubwa alikuja na tabasamu pana na mkataba mnene. Alitaka kununua programu ya kutunza vipimo vya wateja wa mafundi cherehani, ambayo Bi Futi na kaka yake waliitengeneza nyuma ya duka la mama yao, mshonaji. Mafundi elfu tatu waliitegemea. Kaka alishaanza kuchagua gari kichwani.

Bi Futi, aliyepewa jina hilo kwa ile futi ya kupimia isiyomtoka shingoni, alikuwa na hofu moja tu: mafundi wale watabaki na nani?

"Hatuui kitu, dada yangu. Tunanunua, tunalea, tunakuza," mgeni alisema, akawasogezea kalamu yake na orodha ya kampuni kumi na moja walizokwisha kuzinunua, kila moja na nambari yake ya huduma. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na kaka alishatoka mzima mzima.

"Tia sahihi basi, mdogo wangu. Ngojangoja huumiza matumbo."

"La kwako halijawahi kuuma, kaka. Tulia."

Mama yao aliwaachia sheria moja: fundi akipiga simu, apokee aliyeitengeneza programu, hata kama ana tonge mdomoni. Kaka, mvivu wa simu kupindukia, alimwachia dada yake kazi hiyo. Basi mgeni alipotoka nje kuongea na bosi wake, Bi Futi akapiga nambari ya kwanza.

"Huduma hii imesitishwa," ilijibu sauti ya mashine.

Ya pili, vilevile. Akaweka spika. Kufika ya saba, kaka alishalisahau gari. Ya kumi na moja iliita mpaka ikakatika. Iliwauma wote wawili.

Mgeni aliporudi, Bi Futi alimuuliza taratibu, "Hawa wako wapi?"

Aliitazama orodha yake kama haijui. Ameizungusha ofisi ngapi, maskini, na hakuna aliyewahi kupiga.

"Wateja wao tuliwahamishia kwetu," alisema. "Waliokubali."

"Na wasiokubali?"

Simu ya mezani ikaita. Kaka ndiye aliyeiwahi.

"Ndiyo, fundi, tupo. Vipimo vya bibi harusi? Havijapotea, nitajie jina lake." Na kwa mkono wa pili akamrudishia mgeni kalamu yake.