Kindi wa Uani kwa Bi Fatu

Mimi Bi Fatu sina subira, na jirani zangu wote hapa Majengo wanalijua hilo. Andazi likichelewa kuiva naligombeza. Kwa hiyo mzee Kyule aliponijia asubuhi moja bila hodi wala salamu, ameikumbatia kofia yake kifuani kwa mikono miwili, nilimwuliza kama kuna mtu amekufa.

"Bado," akasema. "Lakini mimi niko karibu kuua."

Kyule ni mchonga vinyago. Karakana yake imepakana na ua wangu, na kwa miaka ishirini na minane usingizi wangu wa mchana umebembelezwa na mlio wa tezo yake. Ndani ya ile kofia mlikuwa na kindi. Ukiacha mkia, hakuzidi kiganja changu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba na damu imekauka pembeni. Kyule alikuwa amenunua gogo la mjakaranda ulioangushwa na upepo kule Makongeni, akaanza kulitoa maganda, kumbe tunduni mna mwenyewe. Alipopiga tezo, kibanzi kiliruka kikamwingia mnyama jichoni.

"Miaka arobaini nachonga wanyama, Mama Hanif," akaniambia. "Huyu ndiye wa kwanza kuniangalia, na nimemtoboa jicho."

Akaketi juu ya mbuzi yangu ya kukunia nazi, akalia. Nikampa chai, maana mtu mzima akilia huna la kumwambia.

Daktari wa wanyama, binti mrefu mwenye buti aitwaye Jecinta, alifika kwa pikipiki siku ile ile. Alimsafisha kindi, akamtia dawa, kisha akatuambia ukweli bila kuuremba. Jicho la kushoto limekwenda. Kindi wa jicho moja anaweza kuishi mtini vizuri, mradi ajifunze upya kupima umbali kabla ya kuruka. Kituoni kwao hakukuwa na nafasi wiki zile. Mimi nilikuwa na kizimba cha kuku kisicho na kuku, kirefu hadi kwenye paa, tena vumbi la mbao halikifikii.

"Nitarudi baada ya wiki tatu," Jecinta akasema. "Nikipata anapanda na anaruka, tunamwachilia. Kama ni kuanguka tu, nitamchukua akae ndani ya waya maisha yake yote. Na msimzoeshe. Hakuna kumshika, hakuna kumpa jina. Akizoea watu, huko nje hamalizi wiki."

Jina sikumpa. Nilimwita Wewe.

Kyule alijitwika kazi ya mti. "Mimi ndio nilimharibu, mimi ndio nitamtengenezea," alisema. Akaleta matawi mazito na membamba, akayafunga kizimbani yakipishana kutoka chini hadi juu. Ilikuwa kazi nzuri, sisemi uongo. Wateja wangu wa mahamri walichungulia kwa mbali wakaisifu, Kyule akatabasamu, nami nikawafukuza wote.

Kidonda kikapona. Wewe alikula njugu na ndizi na mahindi mabichi, akanawiri. Lakini kupanda, hakupanda. Akilishika tawi anakwenda hatua mbili, miguu inamtoka, puu, chini. Anajipangusa uso, anajaribu tena, puu. Tawi lililomwangusha, Kyule alilifungua akaondoka nalo akalitengeneze, na kesho yake akalirudisha. Mnyama akaanguka vibaya zaidi.

"Ni jicho," Kyule alikuwa akisema. "Anaona tawi liko hapa, kumbe liko pale."

Kufikia mwisho wa wiki ya pili Wewe hakujaribu tena. Alijikunyata pembeni, mkia ameufunika puani. Nilimpenda yule mnyama, na roho iliniuma kila nilipomfikiria akizeeka nyuma ya waya, miti yote ya Nairobi iko pale nje. Nilianza kuunguza mahamri kwa mawazo. Kyule naye aliacha kuchonga akawa anakuja kushika tama kwenye baraza yangu, na nilimkemea kwa hilo pia.

Siku moja kabla ya Jecinta kurudi, niliingia kizimbani kubadilisha maji. Mlango wake ni mfupi. Niliinama, na nilipotaka kuinuka nikashika lile tawi kubwa. Mkono ukateleza kama nimeshika sabuni. Nikaketi chini pwaa, maji yote yamenimwagikia kifuani, na Wewe ananitazama kwa jicho lake zima. Nikanusa kiganja changu. Nta ya nyuki!

"Kyule!" Siku zote humwita Baba Ndindi kwa heshima, lakini siku hiyo heshima haikuwapo.

Akaja mbio, nyusi zimejaa unga wa mbao.

"Tawi hili umelifanya nini?"

"Nimeipiga msasa."

"Msasa!"

"Kidogo tu. Nilianza na ile kali, nikamaliza na ile laini. Halafu nta. Mama Hanif, hizo miti zilikuwa na maganda, zinakwaruza. Ningewacha kazi yangu hivyo, na watu wanapita wakiangalia?"

"Na yale uliyokuwa ukiyachukua alipoanguka?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Hizo niliongeza nta."

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sisi mjenzi tulikuwa naye, tatizo lake alijenga mno! Kucha za kindi zinataka ganda la kukwama, na mzee huyu, kwa mazoea ya miaka arobaini, alikuwa amelipapasa kila tawi mpaka likang'aa. Mazoea yana taabu. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, na alipoyasikiliza yote bila kujitetea, kicheko kikanishika nikiwa bado pale chini na nguo zimelowa. Naye akacheka mpaka akaegemea seng'enge.

"Aiya," akasema, "nimemjengea mnyama sakafu ya benki."

Mchana ule ule alileta matawi mengine, yenye maganda, vumbi na chungu wachache. Kabla hajaingia nilimpekua mifukoni nikamkuta na vipande viwili vya msasa. Alisema havikuwa vya kazi hiyo. Nikavitia motoni. Tulipokuwa tukifunga tawi la tatu, Wewe tayari alikuwa amelipanda la kwanza hadi ncha, kucha zinasikika krr, krr.

Jecinta alipofika tulimweleza yote. Alimtazama Kyule kwa muda, akafunika mdomo kwa mkono. "Sawa," akasema. "Kupanda amejua. Kuruka bado. Nawapa wiki moja."

Wiki hiyo sisi wawili tulichungulia kwa dirisha la jikoni. Wewe alisimama kwenye ncha ya tawi, akapeleka kichwa kulia, kushoto, juu, chini. Jecinta alikuwa ametuambia kwamba mwenye jicho moja hupima umbali kwa kusogeza kichwa namna hiyo. Akaruka, akakosa, akaanguka. Akapanda tena, akapima tena, muda mrefu zaidi. Safari hii akalidaka tawi kwa miguu yote minne. Kyule aliiuma kofia yake asije akapiga kelele.

Jumamosi tulikwenda Makongeni, kwenye miti mirefu iliyo karibu na nyumba za reli. Nilivaa leso mpya na kujitia manukato. Sifichi, nilikuwa nimejiandaa kuagwa. Jecinta akaweka kisanduku chini ya mti, akafungua mlango. Wewe alitoka, akanusa hewa, akapanda bila kugeuka.

Kwenye panda ya juu alisimama. Mti wa pili ulikuwa mbali kuliko chochote alichowahi kukiruka kizimbani kwangu. Kichwa kulia, kushoto, juu, chini. Akaruka. Tawi likainama sana, moyo wangu ukainama nalo, kisha likamrudisha juu. Akaketi pale, ubavu wake umetuelekea.

"Anatuangalia!" Kyule akasema, akampungia kofia.

"Hapana, mzee," Jecinta akajibu kwa upole. "Huo ni upande wa jicho lililokufa. Hakuoni."

Kyule akaishusha kofia. Mimi nilitazama tena, na ni kweli. Lile jicho moja alilobaki nalo alikuwa amelielekeza mbele, kwenye mti wa tatu. Akapima, akaruka, majani yakamfunika. Nikapiga vigelegele pale pale, machozi yananitiririka, mpaka mwanamke aliyekuwa akianika nguo akasogea kuuliza harusi ni ya nani. Nikamwambia asubiri kwanza, sijamaliza.