Mishale Hurudi Saa Kumi na Mbili

Kila mshale ulihitaji manyoya matatu na vipande viwili vya selotepu. Mama Utepe, kama walivyomwita karakanani, alilaza unyoya wa kwanza kwenye mkia wa kijiti, akaukandamiza kwa kidole gumba, akaongeza wa pili na wa tatu, kisha akazungushia selotepu mbele na nyuma na kuikata kwa meno. Mkasi ulikuwapo, ila ulikuwa wa msimamizi, na msimamizi hakuwa mtu wa kuazimisha kitu.

Manyoya yote matatu yalitakiwa yatoke bawa la upande mmoja. Ukichanganya la kushoto na la kulia, mshale huyumba na kwenda kombo.

Zamani walifunga manyoya ya bata kwa uzi. Mishale ilipohitajika kwa wingi, uzi ukaonekana unachelewesha kazi, na bata nao wakaisha. Zikaletwa katoni za selotepu na magunia ya manyoya ya kuku. Tangu siku hiyo mishale ikawa inarudi. Saa kumi na mbili jioni ilivuka mto, ikapita juu ya mapaa, ikaingia dirishani na kutua kwenye rafu, mmoja ukisukuma mwingine. Mkata manyoya, mwanamke aliyefuga kuku tangu ujana, alisema hakuna cha ajabu hapo, kuku umtupe utakako, jioni anatafuta banda. Asubuhi walifuta damu na kuipeleka mishale tena darajani.

Walinzi wa daraja walikuwa na amri ya kumpiga mtu yeyote wa ng'ambo atakayekanyaga mbao zake. Mdogo wake Mama Utepe alikuwa ng'ambo. Alioa huko, na siku daraja lilipofungwa alikuwa kwake, akimwogesha binti yake. Kwa hiyo kila jioni Mama Utepe alibaki nyuma kukagua kilichokuja na mishale: kola ya shati, nywele, meno, sikio lenye hereni. Asipoona kitu cha mdogo wake, alikwenda nyumbani kupika.

Halafu akaanza kuchanganya mabawa. Msimamizi akigeuka tu, alibandika manyoya mawili ya kushoto na mmoja wa kulia, ili mshale umkose mtu.

Alhamisi ililetwa selotepu mpya, pana na ngumu. Jioni yake mshale mmoja ulirudi na mtu mzima. Dirisha lilikuwa dogo, akagonga fremu, akavunja kioo na kuanguka kifudifudi juu ya magunia, ncha ikiwa imezama chini ya bega.

"Shikamoo, dada," alisema mdogo wake.

"Marahaba. Umekonda."

Akamweleza kwamba hakuwa hata darajani. Alikuwa kando kabisa, ukingoni, akichota maji. Mlinzi alimlenga jirani yake aliyekanyaga daraja, lakini mshale ukakata kona. Mama Utepe aliutazama mkia. Manyoya mawili ya kushoto, mmoja wa kulia.

Msimamizi alikuja, akauliza kama mshale umevunjika. Alipoambiwa haujavunjika, alimlaza yule mtu chali, akamkanyaga kifuani, akavuta. Mara mbili uligoma. Mara ya tatu ulitoka na nyama, na damu ikaruka hadi kwenye katoni. Mama Utepe akakamata selotepu, akalizungushia bega, mbele na nyuma, akakaza, akakata kwa meno. Damu ikasimama.

"Vipande viwili vinatosha," msimamizi alisema. "Mikono yake inafanya kazi?"

Ilifanya. Kesho yake alikaa benchi moja na dada yake, na kabla ya mchana alikuwa anakwenda naye sambamba. Msimamizi alimtazama kazini, akaenda ofisini, akaandika barua kwa walinzi: kuanzia sasa walenge mabega, wake kwa waume, karakana ina upungufu wa watu.

Mama Utepe alimwinamia mdogo wake, akamnong'oneza achanganye mabawa. Wifi yake na yule mtoto walikuwa bado ng'ambo, na maji yalikuwa bado mtoni.

"Wewe ulichanganya," mdogo wake alimjibu bila kuinua macho. "Walimlenga mwingine, nikapata mimi. Unaokwenda kombo hauchagui bega wala koo. Sasa wanalenga bega, dada. Acha ulipate bega."

Alichambua gunia zima, akatenga manyoya ya kulia peke yake. Kila mshale alioumaliza aliuinua kwenye mwanga na kuuzungusha taratibu, na ukiwa na mtikisiko mdogo tu aliubandua akaanza upya. Msimamizi alisema hajapata kuona mtu anayejali kazi namna ile.

Jumatatu seremala alileta mabenchi mawili, moja la kawaida na jingine fupi, la kimo cha mtoto. Mama Utepe alichukua kitambaa akayapangusa vumbi la mbao, kisha akamsaidia mdogo wake kuyasogeza karibu na dirisha.