Sabufa Isiyokula Buti

Editha alikwenda kuchagua sabufa akiwa na magunia yake. Alikuwa ameyapakia Kilosa asubuhi hiyo, mchele wa kuuza Mikumi, na walipofika Mikumi, yeye na mdogo wake, kwenye kibanda cha fundi wa redio za magari, Lupakisyo, kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika, alikataa kuyashusha. Alitaka fundi aone kwanza buti lilivyojaa, ndipo aanze habari zake za maboksi.

"Shikamoo mama," alisema Lupakisyo.

"Marahaba. Gari ndiyo hii, mzigo ndio huu. Muziki ni wa huyu." Alimwonyesha mdogo wake Makarius kwa kidevu. "Ukipungua hata gunia moja, sitaki."

Probox ile nyeupe ilikuwa ya wote wawili. Waliinunua kwa mpunga wa shamba la mama yao, Makarius akawa dereva, Editha akawa mwuzaji, na kwa muda mrefu hapakuwa na neno kati yao. Tangu Pasaka, hata hivyo, Makarius alikuwa na wimbo mmoja tu: sabufa. Dereva bila besi anasinzia, alisema. Editha alimjua mdogo wake tangu alipokuwa akimbeba mgongoni, na alijua kwamba akitaka kitu hulala nacho na kuamka nacho. Akaona heri aende mwenyewe kusimamia, maana kijana akiachiwa buti atalijaza spika, na mchele utasafiri juu ya mapaja ya watu.

Lupakisyo alileta boksi la kwanza, la inchi kumi na mbili, la mbao, limevishwa kapeti. Likikaa kwenye buti, nusu ya magunia yangebaki barabarani. Editha hakutaka hata kuliona likiwashwa.

La pili lilikuwa bapa, kama sinia lenye kifuniko, na amplifaya yake humohumo. Hilo huingia chini ya kiti cha dereva, nawe husahau kama lipo. Editha alilipenda papo hapo.

"Besi inashuka mpaka wapi?" aliuliza Makarius.

"Linapiga vizuri," alisema fundi, "ila chini kabisa halifiki. Kaboksi kadogo, hewa kidogo. Sauti inataka pa kupumulia."

"Mimi nataka la chini kabisa."

Lupakisyo alikuna kichwa, akaingiza mkono kwenye kona ya buti, nyuma ya tairi, mahali ambapo gunia haliingii hata ulisukume kwa magoti. Alisema anaweza kupiga faiba kufuata kona hiyo, boksi lizibwe pande zote, ndani aweke spika ndogo yenye sumaku nzito. Halitakula nafasi, kwa sababu pale hapakuwa na nafasi. Na litashuka. "Hili hulisikii kwa masikio, bosi. Unalisikia tumboni."

"Tembo je, analisikia?" aliuliza Makarius.

"Tembo? Huyo anasikia kwa nyayo. Watu wote wa hapa wanajua."

Editha alidhani ni porojo za vijana. Alikuwa akikagua kona kwa kiganja chake, shubiri kwa shubiri. Boksi lilipokamilika alirudi na magunia idadi ile ile, akamwamuru fundi apakie, ashushe, apakie tena, huku amesimama mikono kiunoni. Kila gunia lilirudi mahali pake. Njiani kurudi nyumbani alikuwa amejaa furaha, akamwambia mdogo wake, "Umepata muziki wako, nami nimepata buti langu."

"Wewe dada hushindwi," alisema Makarius, akicheka.

Shamba lenyewe lilikuwa bondeni, kwenye barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Lilikuwa la mama yao, na mama yao alikuwa amezikwa humo, mwisho wa majaruba. Kwa desturi ya ukoo wao ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo baada ya Editha lingekuwa la watoto wake, na Makarius, kama mjomba, ndiye aliyekuwa mlinzi wao. Hakuweza kuuza bila dada yake kuridhia. Lami ilipoanza kusogea, alijitokeza bwana mmoja aliyetaka kujenga kituo cha mafuta mahali pale hasa. Makarius alilileta neno hilo mezani, Editha akasema hapana, Makarius hakulirudia tena. Habari za sabufa zilianza baada ya hapo, lakini nani angeunganisha mambo mawili yasiyofanana kiasi hicho?

Kila walipopita kwenye hifadhi ya wanyama wakielekea sokoni, Makarius alipaki pembeni, akafungua mlango wa nyuma, akabonyeza redio. Hakuna kilichosikika. Maji kwenye chupa ya Editha yalitetemeka, vumbi likaruka kidogo juu ya magunia, na ng'ambo ya barabara tembo waliacha kula, kila mmoja akainua mguu mmoja wa mbele na kuutua taratibu. Madereva wa malori walipita wakapiga honi.

"Mbona muziki wenyewe siusikii?" aliuliza Editha.

"Bado naupima, dada."

Tumboni alihisi kitu kinasogea, kama njaa. Akamenya ndizi akala.

Mpunga uliiva. Editha alikuwa juu ya dungu akiamia ndege, jioni ya saa kumi, kombeo mkononi, mgongo ameupa njia. Kundi la kwelea lilikuwa limetua upande wa kijito na alikuwa akiwatukana kwa majina ya watu anaowajua. Hapo hodi ikapigwa. Ilipanda kupitia miti ya dungu mpaka kwenye nyayo zake, nzito na ya adabu.

"Karibuni," alijibu bila kugeuka.

Ndivyo alivyolelewa. Katika nyumba ya mama yake mtu aliweza kuwa na mikono ndani ya unga, au na ugomvi mdomoni, hodi ikipigwa jibu lilikuwa moja na lilitoka lenyewe. Alipogeuka aliona tembo jike mzee amesimama kwenye kivuko cha mfereji, na nyuma yake ukoo mzima umejipanga kwenye njia, watoto katikati ya miguu ya mama zao. Kamba ya pilipili aliyoizungusha shamba zima kuzuia tembo ilikuwa imeinuliwa juu na mmoja wao kwa mkonga ili wenzake wapite. Wa mwisho kupita aliitundika tena mahali pake.

Walianza kula kutoka upande wa kijito, mstari kwa mstari, kama watu waliofundishwa kuvuna. Walipofika kwenye kaburi walilizunguka. Yule mzee alibaki nyuma kidogo, akang'oa magugu yaliyoota juu yake, akayaweka kando.

Editha alishuka kwenye dungu. Alimtazama yule mzee, akaona anamzidi umri.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilipanda kutoka ardhini vilevile, ikapita kwenye magoti.

"Mbona mnakula mpunga wangu?"

"Tumealikwa," alisema tembo. "Kijana wa gari jeupe ametuita. Amesema mpunga wa mama yake umeiva na dada yake ameridhia. Tulimwuliza tena, maana kumlisha mtu shamba zima si jambo dogo. Akarudia kwamba dada ameridhia."

"Sijaridhia mimi."

Tembo alimaliza kutafuna. "Umesema karibuni," alisema bila ukali.

"Nimesema."

"Tungeweza kuondoka. Lakini watoto wametoka mbali."

Editha aliwatazama watoto. Kadogo kamoja kalikuwa kamelala kwenye jaruba, masuke yametapakaa mdomoni. Mgeni akishakaribishwa hafukuzwi, kwa hiyo akakaa juu ya tuta karibu na kaburi la mama yake mpaka walipomaliza. Waliaga na kushukuru, wakaondoka kwa njia waliyojia.

Asubuhi alikuja afisa wanyamapori, Beda, na pikipiki. Alitembea shamba lote, akatazama na mashamba ya majirani, ambako hakuna hata suke lililoguswa. Jambo hilo lilimfanya aulize maswali yake kwa uangalifu.

"Walipiga hodi, mama?"

"Walipiga."

"Ukajibuje?"

"Karibuni."

Beda alifunika kalamu. "Kifuta jasho cha serikali ni cha watu waliovamiwa na wanyama. Hawa ni wageni." Alikuwa na huruma ya kweli, hata pikipiki aliisukuma mpaka barabarani kabla ya kuiwasha, kama mtu anayetoka msibani.

Editha alirudi nyumbani kwake Magomeni, pale Kilosa, akamkuta Makarius anaosha gari uani. Hakumwitikia shikamoo yake. Alifungua mlango, akaketi kiti chake cha mbele.

"Niwekee muziki."

Makarius alikausha mikono, akaweka bongo fleva.

"Siyo huo. Ule usiosikika."

Alisita, kisha akabonyeza. Kuku walihama uani. Editha aliweka kiganja tumboni, akatulia, na safari hii hakudhani ni njaa. Sauti ilikuwa ya Makarius, ile aliyoifundisha mwenyewe kutamka maneno ya kwanza. Ilisema njooni. Ilisema mpunga wa mama umeiva. Ilisema dada ameridhia, ikarudia, dada ameridhia.

Kumbe yote yalisemwa mbele yake. Alikuwa ameketi palepale, amefunga mkanda, anamenya ndizi, huku mdogo wake akimuuza kwa sauti ya juu. Na boksi alilichagua mwenyewe, akalipima kwa shubiri zake, akamhangaisha fundi wa watu kwa ajili ya kona isiyoingia gunia. Alijionea aibu. Kisha aibu ikaondoka, akabaki na uchungu mtupu, mkavu.

"Dada, ningekuomba ungekubali?" aliuliza Makarius.

"Nisingekubali."

"Basi."

"Na watoto wangu? Wewe si ndiye mjomba wao?"

"Nawapenda," alisema Makarius, na pengine ilikuwa kweli. Alizima redio, akaendelea kuosha taa za nyuma.

Editha aliitisha ukoo. Wazee walikuja, wakasikiliza, wakakubaliana wote kwamba Makarius amekosa. Wakamwambia aende akaufute mwaliko, kwa kuwa mwaliko hufutwa na aliyeutoa. Makarius aliitikia kwa heshima zote, kila mtu shikamoo yake. Hakwenda. Alisema betri haina nguvu, kisha akasema waya umekatika, kisha hakuulizwa tena. Editha alikwenda mwenyewe kwa miguu mpaka ukingo wa hifadhi kumwomba yule mzee, na tembo alimpokea vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Lakini aliyetuita ni mlinzi wa shamba," alisema. "Sisi hatuwezi kuingilia mambo ya ndugu."

Msimu uliofuata walikuja tena, hodi yao ile ile. Editha aliuma meno, akaapa hatafungua mdomo, na mdomo ukajibu. Mara hii walikuja na jamaa zao wa upande wa pili wa hifadhi, kwa sababu sifa za ukarimu wa shamba lile zilikuwa zimesambaa. Watoto wa Editha walikula ugali wa unga wa kununua mwaka mzima. Hapakuwa na shamba tena, palikuwa na mahali pa kupokea wageni. Bwana wa kituo cha mafuta aliporudi, Editha alitia sahihi yake bila kuketi, na Makarius, kama shahidi, alitia ya kwake chini yake. Sasa dada alikuwa ameridhia kweli.

Kaburi lilizungushiwa tofali, likabaki kati ya pampu na choo. Kwa kuwa mpunga haukuwapo tena, tembo hawakurudi, ila yule mzee alipita siku moja mpaka uani Magomeni kutoa pole, akasimama karibu na kamba ya nguo akihofia kuikata. Alisema laiti wangejua. Editha alimletea ndoo ya maji, akamsindikiza mpaka njia panda.

Makarius alimwachia gari. Yeye alikwenda kusimamia pampu, akiwa na fulana mpya ya kazi. "Chukua wewe, dada," alisema, akimkabidhi funguo kwa mikono miwili. "Buti lote lako."

Editha alijifunza kuendesha, na siku ya soko akaenda mpaka Mikumi, kwa mazoea tu, kwa kuwa mwili ulikuwa umezoea siku hiyo. Katikati ya hifadhi, redio ikiwa imezimwa, tumbo lake lilisogea. Boksi kwenye kona lilikuwa linasema lenyewe, taratibu, dada ameridhia, dada ameridhia. Ng'ambo ya barabara tembo waliinua miguu yao, wakasikiliza kidogo, wakaitua na kuendelea kula, kwani habari hiyo walikuwa nayo tayari. Editha hakusimama.

Lupakisyo alimwona akipaki, akaja akifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa fundi anayejali kazi yake na hupenda kujua inavyoendelea.

"Shikamoo mama. Vipi lile boksi, halijaanza kula mzigo?"

Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe kabla hajajibiwa. Buti lilikuwa tupu, limefagiliwa, na kwenye mkunjo wa kapeti palibaki punje moja ya mchele. Editha alitazama pamoja naye.

"Marahaba," alisema. "Nafasi yote ipo."