Gari Lililokaa na Ng'ombe

Habari hii alinipa Gladness mwenyewe, mke wa Efraimu, Desemba ya mwaka jana, hapa kwangu Marangu, tulipokuwa tunamenya ndizi za kipaimara cha mjukuu wangu. Alianza bila kuulizwa. Kisu kilikuwa kinakwenda tu, utomvu umeshaifanya mikono yake myeusi, wala hakuniinulia macho. Sikumkatiza. Mtu akianza mwenyewe, mwache amalize.

Mume wake anaongoza watalii mlimani. Safari moja mgeni alimwonyesha kwenye simu gari lake la zamani la mashindano, viti viwili, pua ndefu, alilolinunua likiwa chuma chakavu akalifufua kidogo kidogo kwa mikono yake. Wenzake walishuka mlima na malengelenge ya miguu. Efraimu alishuka na gari kichwani. Hakuwa na uwezo wa gari jipya, wala lililotumika kidogo, lakini bovu la bei ya kutupa, kwa nini asiweze? Akauliza Himo, akauliza Moshi mjini kwa mafundi, mpaka akasikia liko moja Kilema, kwa mjane anayeitwa Lukresia.

Walikwenda wote wawili. Gari lilikuwa kwenye banda la mbao katikati ya migomba, limekaa juu ya mawe, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Lilikuwa la Kijapani, la milango miwili. Herufi za jina lake zilikuwa zimedondoka zote. Efraimu alilizunguka analigusagusa kama mtu anayechagua ndama mnadani.

"Shikamoo mama," Gladness akamwamkia yule mjane.

"Marahaba, mwanangu. Mlichukue tu. Mnipe chochote."

Bei aliyotaja haikufika hata ya mbuzi wawili wa Krismasi. Gladness ndiye aliyeuliza, maana mwanamume alikuwa ameshalala chini ya gari. "Mama, mbona unalitupa hivi?"

"Mume wangu, Baba Primus, alifia humo."

"Pole, mama. Alipata ajali?"

"Ajali ya wapi? Halijatoka hapa tangu injini ipone. Jumapili alikuwa anatoka misa, anakuja kuliwasha humu bandani, anakaa ndani anasikiliza, kama vile watu wanavyosikiliza redio. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa, akafunga mlango. Nikampelekea chai. Nikamkuta amelala, midomo myekundu, mzuri kama bwana harusi. Nikasema apumzike, nikaweka kikombe dirishani. Nilipokuja kuchukua kikombe, chai ilikuwa imejaa vilevile."

Watu wa hospitali walisema ni moyo. Watu wa kijijini walisema ni gari, limemtaka. Ndiyo maana hakuna aliyelinunua miaka yote hiyo.

Efraimu alitoka chini ya gari, majani ya migomba kichwani, anacheka. "Mama, gari lililosimama haliui mtu."

"Ehee," akasema Lukresia. "Chukua na kuku aliyelala humo, ameshalizoea."

Lilikokotwa kwa kamba nyuma ya pikapu mpaka Marangu. Majirani walisimama barabarani kwenye ukungu kama wanapokea jeneza, lakini midomo haikulala.

"Baba Jesse! Umenunua gari au banda la kuku?"

"Banda nimenunua, kuku nimepewa!" Efraimu akawajibu.

"Na hicho kiti cha pili ni cha nani? Mwenzako mpana hivyo!"

Gladness alicheka pamoja nao. Ananiambia hiyo ndiyo mara ya mwisho alipolicheka gari lile.

Sasa lilale wapi? Kihamba chao, hilo shamba la nyumbani, ni kidogo, paa lenye upana ni la zizi tu. Ng'ombe wetu hatoki nje, unajua, majani anakatiwa na kuletewa alipo, anazaliwa humo na kuzeekea humo. Basi wakamsogeza ng'ombe upande mmoja na ndama wake, wakapiga ubao katikati, gari likaingia upande wa pili. Kulipopambazuka ng'ombe alikuwa ametoa kichwa juu ya ubao anaramba kioo.

Efraimu alilishughulikia kila aliposhuka mlimani. Kilichopatikana kwanza kilikuwa rangi, nyekundu, kwa sababu rangi ndiyo inayoonekana. Kisha matairi, kisha viti vya ngozi ya bandia alivyoshona fundi wa makochi. Kabureta, ile ya kuchanganya petroli na hewa, aliifungua na kuifunga hadi akaijua kama sahani yake. Ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, lilikuwa limeliwa na kutu lina matundu kama chujio la mbege, pombe yetu ya ndizi. Alikata kopo la maziwa ya unga, akalizungushia pale, akakaza kwa waya wa kufungia banda.

"Hilo si la kununua?" Gladness akauliza.

"Ekzosi ni kelele tu, Mama Jesse. Kelele haizuii gari kutembea. Tutanunua mwishoni."

Lilipowaka mara ya kwanza, mwanzoni mwa masika, lilinguruma mpaka kahawa zikadondosha maua. Efraimu akaruka kama mtoto. Lakini nyumba ya pili, hatua chache tu, kulikuwa na mzazi. Grace, mke wa mdogo wake, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mama yao, Bibi Eunike, ndiye aliyekuwa anamlea. Mzazi wetu hasumbuliwi. Anakula mtori wa ndizi na nyama, anakunywa maziwa, analala, anasubiri miezi yake iishe. Eunike akatoka na mwiko mkononi.

"Wewe Efraimu! Unataka mzazi wangu akaukiwe na maziwa kwa mshtuko? Mtoto amerusha mikono kama anaanguka kwenye mgomba!"

"Nisamehe, mama."

"Nenda na hilo lidudu lako barabarani."

"Halijafika kwenda barabarani, mama. Nitalinyamazisha."

Na kweli alilinyamazisha. Alifunga mlango wa zizi. Akachukua majani makavu ya migomba, akasokomeza kwenye kila mwanya wa mbao, kama tunavyoziba pipa la ndizi za kuivisha. Juu, chini ya bati, palipokuwa na upenyo, akatundika magunia. Alipowasha tena ulisikika mvumo tu, kama nyuki walio mbali. Mama yake akatikisa kichwa ameridhika. "Sasa una adabu."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, na yalikwenda taratibu.

Maziwa yalipungua. Ng'ombe aliyekuwa anajaza ndoo akawa anatoa ya kikombe, na hayo yote ni ya mzazi. Alianza kuegemea ukuta, pua ameibana kwenye ufa mmoja ambao Efraimu hakuuona. Majani anayaacha. Gladness naye, akiingia kukamua baada ya mumewe kuwasha gari, kichwa kinampasuka, anatoka anashika mgomba mmoja baada ya mwingine hadi mlangoni. Akipata hewa ya nje kinapoa. Efraimu alikuwa anatapika asubuhi na kusema ni mbege ya jana.

Watu wakaanza kunong'ona kisimani. Marehemu wa Kilema amekuja na gari lake. Hakuagwa gari lilipoondoka. Eunike, mwana wa Kanisa kabisa, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, alivunja jani la isale mwenyewe, lile la kuombea msamaha, akampa mwanawe. "Mpelekee yule mjane. Ukiombwa kwa jani hili hukatai. Mwambie mwenye gari atuachie."

Efraimu akaenda Kilema. Lukresia akalipokea jani, akaenda kulisimika kaburini kwa mume wake. Efraimu akarudi uso umekunjuka, mwepesi kama aliyepewa majibu mazuri ya kipimo hospitali. Na kwa kuwa sasa hakuwa na hofu ya marehemu, akawa anakaa mle ndani muda mrefu zaidi kuliko mwanzo.

Wiki hiyo ndama akafa. Alikutwa amejikunja kwenye kona kama paka. Gladness alimfunua mdomo kutazama kama amekula sumu. Ufizi ulikuwa mwekundu sana, mwekundu wa kitu kilicho hai. Alikaa pale kwenye samadi, mkono kwenye ule mdomo, na maneno ya Lukresia yakamrudia yote: mvua, mlango umefungwa, midomo myekundu. Akaelewa kwamba ndani ya lile gari hapakuwa na marehemu yeyote.

Alimfuata mumewe jikoni. "Baba Jesse, ni moshi. Moshi wa gari ndio unatumaliza."

"Moshi unatoka nje kwa bomba."

"Nje ipi? Bomba ni kopo, na wewe umeziba mpaka mchwa hapiti."

Efraimu akacheka, akamwonyesha mafiga. "Mke wangu, sisi tumekulia kwenye moshi. Bibi yangu amelala na moto, na mbuzi, na ng'ombe nyumba moja, moshi umejaa hadi darini, kafa hana jino hata moja kwa uzee. Moshi wa kuua unaujua. Unakuliza macho. Huu umewahi kukuliza?"

"Hapana."

"Sasa moshi usioliza macho ni moshi gani?"

Na yeye Gladness amekulia jikoni vilevile. Akamwomba jambo moja tu, asifunge mlango. Akasema sawa. Na Efraimu si mwongo, lakini mtoto wa Grace alikuwa anabatizwa Jumapili, na yeye alishaapa kwamba gari lingetoka siku hiyo, liwabebe mtoto na mama yake mpaka kanisani.

Jumamosi mchana mvua ilishuka, ile ya masika isiyo na upepo, inasimama tu kama pazia. Gladness alikuwa kwa mama mkwe wake anapika mtori wa mzazi. Mvumo ukaanza zizini. Mdogo, wa mbali, tena mdogo mno. Akajua mlango umefungwa.

"Mama, ngoja niende mara moja."

"Uende wapi? Mtori utashika. Mwache mwanamume na gari lake, kesho ndiyo kesho."

Akakoroga. Mvumo uliendelea, haupandi haushuki, hakuna anayekanyaga mafuta, hakuna nyundo, hakuna mtu anayejiimbia kama kawaida yake. Kitandani, mtoto aliyekuwa analia tangu asubuhi alinyamaza. Eunike akainua kidole, anatabasamu.

"Sikia. Hata mtoto limembembeleza."

Gladness aliuacha mwiko ndani ya chungu, akakimbia.

Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Aliita. Aligonga. Ndani gari linavuma na ng'ombe kimya. Akachukua panga lililochomekwa kwenye mgomba, akakata bawaba, akavuta ubao wa kwanza kwa mikono, majani makavu yakaanguka nje, na hewa ikamfuata usoni ikiwa na joto, haina harufu ya kutisha hata. Akavuta pumzi mvuani, akaibana, akaingia. Ng'ombe alikuwa amelala kifudifudi, shingo imenyooka. Efraimu alikuwa ameketi kwenye kiti chake kipya, mikono kwenye usukani, midomo ile. Mzuri kama bwana harusi.

Akageuza ufunguo, akamshika makwapani, akamburuta hadi kwenye tope chini ya migomba, akamlaza uso juu ili mvua impige. Alimwita kwa majina yake yote. Eunike akafika anakimbia, kanga kichwani, akamwona, akakaa chini palepale. Mvua ikampiga Efraimu mdomoni. Halafu akakohoa.

Hospitali walimpa hewa ya mtungi. Daktari aliwaambia moshi wa gari haufanani na wa kuni. Hauonekani, hauumizi macho, unaingia kwenye damu ukakaa mahali pa hewa, na mtu anaona usingizi tu. Akasema pia kuwa ubongo uliokosa hewa muda ule unaweza kurudi wote, au nusu, na kwamba wasubiri waone.

Alirudi nyumbani anatembea. Anakula, anasalimia, anawajua watu wote. Lakini mlimani hawezi kwenda tena, kwa sababu akishaanza njia anasahau anakwenda wapi. Ng'ombe alikufa, wakamfukia, hakuliwa. Gari bado liko mle zizini, jekundu, na mlango wa zizi Gladness aliupasua akaupikia mtori wa mzazi mpaka ubao wa mwisho. Hakuna anayekubali kulinunua, hata kwa chuma.

Gladness alinisimulia jioni moja ya nyumbani kwao baada ya hayo, moja tu, maana anasema zote zinafanana. Walikuwa wameshakula. Nyumba ya pili kulikuwa kumezimwa taa, Eunike amelala, Grace na mtoto wamelala. Efraimu alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Mama Jesse."

"Nasikia."

"Mlango wa zizi utarudi lini? Mvua inaharibu viti vyangu."

"Fundi hajaja."

"Akija aubane vizuri. Kuna mzazi pale."

"Nitamwambia."

"Kesho nitaliwasha kidogo tu, lisigande."

Ufunguo Gladness alishautupa kwenye shimo la choo tangu walipotoka hospitali, na kila siku mumewe anautafuta mifukoni upya, halafu anasahau anatafuta nini. Pumzi za Efraimu zikawa nzito. Alisubiri asikie inayofuata, na inayofuata, na palipotokea pengo kati ya pumzi mbili aliinuka kwa kiwiko akatazama midomo yake kwenye giza asione rangi. Mwishowe akaweka kiganja kifuani pa mumewe, akakiacha hapo kikipanda na kushuka, huku mvua inaanza upya juu ya bati, na usingizi ukamchukua na yeye.