Perege wa Mpira

Kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka, Zabibu aliketi kwenye meza ya mbao nyuma ya jiko la kambi ya uvuvi na kuwatia ndoana samaki wa mpira. Walikuwa wakubwa, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, laini kama ini, na walifinyangwa kwa mfano wa perege ili kuwahadaa kambale wakubwa wa ziwa. Kazi hiyo haikutaka haraka. Ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi iliingizwa mdomoni, ikapitishwa katikati ya mwili na kutokezea mgongoni. Ikipinda kidogo tu, samaki huzunguka majini kama pia, na kambale humpuuza. Chini ya tumbo ilifungwa ndoana ya pili, yenye meno matatu, kwa ajili ya kambale anayeuma mkia.

Zabibu alianza kila samaki kwa bismillahi, kama alivyoanza kila kazi. Mwanzoni mwa kiangazi, ndoana ilipopita, mmoja wao alitoa damu. Alipapatika, akafunua mashavu, akatulia. Zabibu alifuta meza kwa kitambaa, akachukua mwingine. Naye alitoa damu.

Ziwa hilo liliachwa na mto Rufiji nyuma ya mashamba ya mpunga, na wenyeji walilivua kwa migono, mitego iliyosukwa kwa fito, tangu siku lilipoachwa. Kisha kampuni ya uvuvi wa burudani ililikodi, pamoja na maji, samaki na ukingo. Migono ilichomwa moto mbele ya wenyewe, wakaambiwa kuwa inamaliza samaki. Wageni wa kampuni walivua kambale, wakapiga naye picha, wakamrudisha majini na mdomo uliochanika. Jambo hilo liliitwa uhifadhi.

Meneja wa kambi, Abdulatifu, alikuja mezani akiwa ameziba pua.

"Dada Zabibu, mgeni analalamika. Chambo chake kinanuka."

"Kinanuka kwa kuwa ni samaki, bosi."

"Basi kiwekwe kwenye barafu."

Kikawekwa kwenye barafu. Wageni walikitupa ziwani, wakakiacha kizame hadi kwenye tope, wakakinyanyua kidogo na kukiachia tena, kama walivyofundishwa, na kambale walikivamia zaidi kuliko zamani. Kampuni iliandika kwenye tangazo lake kuwa chambo cha kambi hiyo hakina mfano.

Kanuni iliyobandikwa ukutani ilisema kuwa chambo kilichochanika kichomwe moto. Jioni moja Zabibu alimfunga perege mmoja aliyechanika ndani ya khanga, akampeleka nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Mwanamkuu, ambaye tangu mgono wake uchomwe alikuwa akila wali kwa chumvi.

Bi Mwanamkuu alimgeuza mkononi. "Mkia huu mbona mnene kama kwato? Nani kamfanya hivi?"

"Kiwandani, mama."

"Hao hawamjui perege." Akaanza kumpara magamba. "Lakini nyama ni nyama. Lete ndimu, mwanangu, usinisimamie hapo kama shahidi."

Kabla sufuria haijapata moto, mlinzi wa kambi alipiga hodi. Alikuwa ameifuata harufu ya samaki kutoka kambini.

Zabibu alishtakiwa kwa makosa mawili: kuiba chambo cha kampuni, na kuvua bila kibali. Kielelezo, yaani perege yuleyule, kililetwa mahakamani ndani ya ndoo ya barafu. Aliyakana yote mawili. Hakuiba chambo, alieleza, kwa kuwa alichochukua ni samaki. Na hakuvua samaki, kwa kuwa alichukua kitu kilichokuwa kinakwenda kuchomwa.

Hakimu aliagiza jaribio lifanyike. Abdulatifu alimtoa samaki mpya kwenye mfuko wake wa nailoni. Zabibu akataja jina la Mungu, akapitisha ndoana. Damu ilichirizika juu ya meza, na karani akasogeza majalada yake.

"Mheshimiwa," Bi Mwanamkuu alisema kutoka benchi la nyuma, "unamwona mwenyewe perege huyu anavyohema. Mwachieni mtoto wa watu."

"Bibi, kaa chini."

"Nimekaa tangu walipochoma mgono wangu. Kukaa kumenichosha."

Hakimu alisoma uamuzi bila kupandisha sauti. Kabla ya ndoana, alisema, kitu hicho ni mpira, na mpira ni mali ya kampuni. Baada ya ndoana ni perege, na perege wa ziwa hilo ni wa kampuni kwa mkataba. "Mahakama imeitafuta dakika ambayo kitu hiki kilikuwa chako, Zabibu, na haikuiona."

Aliamriwa kutumikia adhabu yake nje ya gereza, kwa kazi isiyo na ujira, mahali pale alipotenda kosa.

Jumatatu alirudi kwenye meza ileile. Mbele yake aliketi mlinzi mwenye ndoo ya kifuniko na kufuli. Zabibu alisema bismillahi. Ndoana ilipita katikati, bila kupinda. Perege alifunua mashavu, mlinzi akamtia ndooni na kufunga.

Jioni, waliochanika walimwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa ukingoni mwa ziwa. Upepo ulikuwa ukielekea kijijini. Bi Mwanamkuu, aliyekuwa ameketi kizingitini na sahani yake, alinusa perege, kisha akanusa mafuta ya taa, akala wali wake kwa chumvi.