Shupaza ya Mpiga Pasi

Kila Ijumaa mchana, kabla ya kengele ya zamu ya jioni, mafundi wa kiwanda cha nguo walicheza poka juu ya meza ya kukatia vitambaa, dau likiwa vifungo vya mashati. Mwenye vifungo vingi kengele ikilia ndiye anayehamia zamu ya asubuhi wiki inayofuata. Msimamizi alichoka na ugomvi wao, akaziachia karata ziamue.

Mshona kola aliitaka asubuhi hiyo kuliko chakula. Kila akirudi nyumbani humkuta bintiye keshalala, hadithi haijasimuliwa.

Leo alishika ree mbili, karata za juu kabisa, na mezani ikalala ya tatu. Akasukuma karibu vifungo vyake vyote. Wenzake wakatupa karata, isipokuwa mpiga pasi, aliyekuwa na shupaza mbili mkononi, mbili mezani, na mdomo.

"Shemeji, rudi nyuma, utaungua," akasema mshona kola.

"Kuungua ndiyo kazi yangu!"

Karata ya mwisho ikafunuliwa. Shupaza. Tano za mpiga pasi, zote za alama moja, zikazimeza ree tatu.

"Ulikuwa unafuata nini wewe?"

"Si hiyo hiyo, shemeji! Bahati haina adabu."

Wiki iliyopita ilikuwa vivyo hivyo, na ile ya kabla yake. Kumbe wacheza ovyo ndio wanaokula! Mshona kola akagawiwa mbili na saba, takataka tupu, na mkono wake ukavikumba vifungo vilivyobaki ili avimwage katikati.

"Mwanangu," akasema mkata vitambaa, shangazi wa wote pale, "uzi ukijisokota chini ya sindano unafanyaje?"

"Nauvuta!"

"Mwongo. Ungekuwa unavuta, ungeshafukuzwa."

Mshona kola akafumba macho. Mashine husimamishwa, uzi hukatwa, sindano hutungwa upya. Akatupa karata zake. Lakini karata nzuri haikuja tena, na kengele ikalia. Asubuhi ikaenda kwa mpiga pasi.

"Ijumaa utanifuata tena na uchafu ule?" mshona kola akamuuliza.

"Kila mara!"

"Nifuate. Nakuomba kabisa. Mara nyingi uchafu huungua."

Kesho yake mtoto aliamka na swali. "Mama, umeshinda?"

"Nilicheza vizuri."

"Kwa hiyo umeshinda?"

"Nimeshindwa."

Mtoto akakunja uso. "Sasa hiyo vizuri gani?"

Hasira ikampanda mama upya, yote kama ilivyokuwa. Akavua ndara, akaingia kitandani jua likiwa limeshajaa dirishani.

"Sogea huko," akasema. "Hadithi ya usiku tunaanza sasa hivi."