Dekio Namba 4417

Saa moja asubuhi Mageni alikuwa anadeki chumba cha mitambo cha mgodi mmoja wa Geita, huku akikohoa, na Davis, fundi wa kompyuta kutoka Ibadakuli, anagombana na saraka. Saraka ni mashine iliyotunza majina ya watu wote wa mgodi na mlango gani umfungulie nani. Tangu jana ilikuwa haijibu, na zahanati ya mgodi ilikuwa haimfungulii mtu.

Davis alituma programu ya Java, moja ya lugha za kompyuta, ikaulize. Ikarudishwa. Akatuma ya Python. Ikarudishwa. Ya PHP haikufika hata kizingitini.

"Hawajaamkia," Mageni alisema, akikamua dekio.

"Nani, dada?"

"Hao watoto wako. Wanamvamia bibi wa watu na maswali: fulani yumo, fulani hayumo! Mimi kila asubuhi namwamkia."

Davis alikuwa ameshajaribu mengine yote, kwa hiyo akaandika shikamoo kwa lugha zote tatu. Ya Java ilijaa kurasa mbili, kama maneno ya mshenga. Ya Python ilikuwa mstari mmoja. Ya PHP ilisahau nukta mkato, ikaambiwa ikaanze upya.

"Marahaba," mashine ikaitika, kwa sauti ya bibi wa Kisukuma aliyeshiba. "Nyie wa nani? Wa wapi?"

Programu zikajitaja: jina, idara, mgodi. Milango ikafunguka.

"Bibi, niangalizie na mimi," Mageni akasema. "Kifua kina mwezi wa tatu, na hata kabla ya jana zahanati ilikuwa hainifungulii."

Mashine ikatafuta. Davis akamaliza chai yake.

"Mwanangu, sauti yako naijua. Ila jina halimo. Miaka sita unadeki hapa, hakuna aliyeniletea. Dekio lako ndilo limo: namba 4417, mali ya mgodi, milango yote."

Davis akampigia simu Mama Blessing wa utumishi. Mama Blessing akasema saraka iko sahihi, isiguswe.

Basi Mageni akabeba dekio mpaka zahanati. Mlango ukalifungulia, naye akapita nyuma yake. Nesi akasoma kwenye kompyuta.

"Dekio 4417. Limeanza kukohoa lini?"

"Lina mwezi wa tatu sasa."

Nesi akamsikiliza Mageni kifua, akaandika cheti: kidonge kimoja asubuhi na jioni, baada ya kula, na dekio lipumzike siku tatu.

Likapumzika. Siku hizo tatu Mageni alideki kwa tambara, akiwa amepiga magoti.